UZI: Kabla hujaandika "mitandao inaharibu vijana", soma kilichofanyika Dodoma mwaka 1993

Mdadisi wa Kata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Msimu wa mapendekezo ya utafiti umefika vyuoni, na kama kawaida yananifikia kwa mafungu. Nawasaidia vijana wa mawasiliano ya umma kupanga kazi zao za uwandani, na kabla ya hapo nimezunguka na dodoso mkononi miaka mingi, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Vichwa ni vile vile. "Athari za mitandao ya kijamii kwa maadili ya vijana: Mfano wa Kata ya Fulani." Wahojiwa mia moja. Swali la kwanza: je, unatumia mitandao ya kijamii? La pili: je, mitandao inaharibu maadili? Wengi wanajibu ndiyo, kijana anachora duara la rangi, anahitimisha kwamba mitandao inaharibu maadili. Mdogo wangu, hapo hujapima athari yoyote. Umepima maoni ya watu kuhusu athari, tena maoni wanayoyatoa mbele ya mgeni mwenye kitambulisho shingoni.

Kinachokosekana ni ulinganisho. Vijana hao wameharibika kuliko nani? Kuliko wao wenyewe kabla ya simu? Kuliko wenzao wasio na bando? Bila hilo una simulizi tu.

Sasa niwape kisa cha hapa hapa kwetu. Wasomi wa mawasiliano wa Marekani wanakifundisha, na wanafunzi wetu wengi hawajawahi kukisikia.

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Redio binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa mlango, kwa hiyo RTD ilisikika karibu kila nyumba yenye betri. Mhusika aliyekaa vinywani mwa watu ni Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mwanamke kila kituo anacholala. Mkewe Tunu anavumilia, anavumilia, mwisho anaamka na kujitafutia riziki yake. Mkwaju anaishia kuugua UKIMWI. Mtindo huo wa kuwa na mbaya, mwema na yule anayeyumba katikati ulitoka kwa Miguel Sabido wa Mexico, aliyeujaribu kwenye tamthilia za televisheni. Majirani zetu Kenya walishatangulia na Ushikwapo Shikamana mwaka 1987.

Mchezo wenyewe wengi wetu wa umri fulani tunaukumbuka. Kilichonivutia mimi ni mtambo wa Dodoma. Ule mtambo uliweza kukata matangazo ya taifa na kurusha vipindi vyake. Basi kuanzia 1993 hadi 1995, saa ya Mkwaju ikifika, Dodoma walisikia kitu kingine. Wadadisi walikuwa wanarudi kila mwaka pande zote mbili, kwenye eneo lililosikia na Dodoma ambako hawakusikia, wakiuliza maswali yale yale: unajua nini kuhusu uzazi wa mpango, mnazungumza na mwenzako, una wapenzi wangapi, kondomu unatumia? Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa mchezo.

Matokeo yaliandikwa na kina Everett Rogers, Peter Vaughan na Arvind Singhal. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi upande uliosikia. Watu waliripoti kupunguza wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Halafu Dodoma ilipofunguliwa, nayo ikaanza kupanda. Utamu wote uko hapo. Mtu akikwambia "labda Dodoma ni watu wa aina nyingine tu", unamwonyesha Dodoma ile ile, kabla na baada.

Jingine ni kwamba hawakutegemea midomo ya watu peke yake. Walichukua na takwimu za kliniki kuhusu wateja wapya wa uzazi wa mpango. Mtu anaweza kumdanganya mdadisi ili asionekane mshamba, lakini kadi ya kliniki haina aibu.

Na ukisoma matokeo vizuri, redio haikuwa inamwingia mtu kichwani moja kwa moja kama sindano. Watu walisikia, wakaenda kubishana na mume, na shoga, na wenzao kijiweni, na mabadiliko yalipita kwenye yale mazungumzo. Anayesoma vyombo vya habari bila kusoma maongezi ya watu nyumbani amesoma nusu.

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali na matusi ya kistaarabu.

---

Mgogo wa Kizota

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho nikitegemea utalisema, hujalisema. Miaka ambayo UKIMWI unamaliza watu, kuna wataalamu wamekaa mezani wakasema Dodoma wasubiri kwanza ili hesabu zao zitoke vizuri? Na wewe unatuletea hapa kama jambo la kujivunia?

---

Mdadisi wa Kata

Mgogo, hoja yako ni halali kabisa na sitaipaka sukari.

Wanaoutetea utafiti ule husema hivi: wakati unaanza hakuna aliyejua kama mchezo wa redio unabadilisha chochote, ujumbe mwingine wa UKIMWI uliendelea kusikika Dodoma kama kwingine, na baada ya miaka miwili Dodoma walipewa. Hoja ya kwanza ina uzito. Ukilipatia taifa zima dawa ambayo hujui kama inatibu, hutakuja kujua kamwe. Lakini bado najikuna kichwa. Miaka miwili ni mingi, na mkulima wa Kondoa hakuulizwa.

Siku hizi kamati ya maadili ingewatoa jasho. Njia inayokubalika zaidi ni kugawa kwa awamu: kama huna uwezo wa kufika wilaya zote siku moja, piga kura ya bahati nasibu nani aanze, na wanaosubiri ndio wa kulinganishwa. Hapo unayemcheleweshea ungemchelewesha kwa vyovyote.

Na nikuongezee silaha nyingine. Dodoma haikuchaguliwa kwa kura, ilichaguliwa kwa sababu ya mtambo. Ni eneo moja, lenye ukame wake na hali yake ya maisha. Watu pia wanasafiri: mtu wa Dodoma akienda Morogoro kwa shemeji yake anamsikia Mkwaju. Kwa hiyo ukuta kati ya makundi mawili ulikuwa na matundu. Ni utafiti mzuri kwa sababu udhaifu wake unaonekana na unaweza kuubishia. Hilo duara la rangi la wahojiwa mia huwezi hata kulibishia.

---

Mgogo wa Kizota

Sawa. Angalau umejibu. Ila hilo la "mkulima wa Kondoa hakuulizwa" wafundishe hao vijana wako siku ya kwanza, lisisubiri aya ya mwisho.

---

Dogo wa Mwaka wa Tatu

Shikamoo wakuu. Mimi ndio hao hao mnaowasema, kichwa changu ni mitandao na vijana kweli 😅. Sina nauli ya kuzunguka. Nikitengeneza fomu ya Google nikairusha kwenye magrupu ya WhatsApp nipate watu 500, si bora kuliko hao mia wa kata? Wingi si unasaidia?

---

Kokotoa

Marahaba dogo. Wingi hausaidii kama mlango waliopitia ni mbovu. Kasome kuhusu gazeti la Literary Digest la Marekani, mwaka 1936. Walituma kadi za kura za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Wakatangaza Landon atamshinda Rais Roosevelt kwenye uchaguzi. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Mwaka huo huo mtu wa kura za maoni George Gallup, mwenye sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali sana, alimtaja mshindi sawasawa.

Watu hupenda kusema kosa lilikuwa orodha za wenye simu na magari, yaani wenye nazo. Ni kweli, ila kuna la pili linalosahaulika: waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa wale wenye hasira na Roosevelt. Fomu yako itakuwa na ugonjwa huo huo. Atakayeijaza ni rafiki yako, mwenye bando, mwenye muda, na mwenye la kusema kuhusu maadili.

---

Mdadisi wa Kata

Kokotoa kamaliza. Niongeze kidogo tu: dogo, ukirusha kiungo kwenye magrupu huwezi kujua wangapi walikiona wakakipuuza. Hivyo huwezi hata kusema waliojibu ni sehemu gani ya nini. Tumia fomu kwa kujaribu maswali yako, hiyo kazi inaiweza. Usiseme "vijana wa Tanzania".

Kama nauli ni tatizo, punguza eneo. Mtaa mmoja uliofanywa vizuri unanitosha kabisa.

---

Bi Mkubwa wa Makadara

Assalaam aleykum. Mie si msomi wa chuo lakini nimeuza khanga Mombasa tangu sijaolewa, na hayo ya kuuliza watu mna safari ndefu wanangu.

Mteja huja akasimama, macho yote kwenye jina. Hatazami pindo, hatazami mji, anasoma. Akilipata "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", anacheka peke yake, ananunua doti. Jioni anaivaa, anapita mbele ya mlango wa mtu anayemjua yeye, mara ya kwanza, mara ya pili. Sasa njoo wewe na karatasi yako: "Bibi, kwa nini umenunua khanga hii?" Atakwambia nini? "Nimependa rangi." Na hana uongo! Hiyo ndiyo kazi ya khanga, kusema bila mtu kukukamata kwamba umesema. Aliyetupiwa akija juu anaambiwa, "Kwani jina lako limeandikwa?"

Utaiandikaje hiyo kwenye dodoso? Ndiyo, hapana, sijui?

---

Mdadisi wa Kata

Waaleykum salaam Bi Mkubwa. Shikamoo.

Naomba vijana wote mliosoma uzi huu mrudie komenti hii mara mbili. Ujumbe ambao nguvu yake iko kwenye kukanushika hauwezi kupatikana kwa kuuliza. Ukihesabu majina ya khanga dukani, unapata kinachosemwa sokoni, na huo ni uchambuzi wa maudhui, una faida yake. Lakini "Mdhaniaye" moja ikivaliwa msibani na ikivaliwa mbele ya mlango wa mke mwenza ni jumbe mbili tofauti, na maneno hayajabadilika hata herufi. Hapo lazima ukae mtaani, miezi, ujue nani kagombana na nani, nani kapita saa ngapi. Na ukishajua, unakuja mtihani wa pili: uandike vipi bila kumwaga siri za watu.

Wale mnaotaka kutafiti stetasi za WhatsApp, mjue mnafanya kazi hii hii. Anayeweka fumbo saa sita usiku halafu anaangalia nani kaliona, mnamjua.

---

Bi Mkubwa wa Makadara

Marahaba mwanangu. Hao wa stetasi wamejifunza kwetu.

---

Msee wa Takwimu

Niaje watu wa Bongo. Niko Nairobi. Nimefanya kazi ya kukusanya data kwa kampuni za kura za maoni, sitataja, na hii thread inasahau kitu kimoja: kupika data. Unatumwa kijiji fulani Turkana, lipa ni kwa fomu, supervaiza anataka fomu kumi kwa siku na kati ya boma moja na lingine ni mwendo wa saa nzima. Mnafikiri watu wanafanya nini? Wanakaa chini ya mti wanajaza. Halafu asubuhi redio inasema "utafiti umeonyesha".

Na siku za kampeni ndiyo kabisa. Kenya sheria ya 2012 inakataza kuchapisha kura za maoni siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, lakini kabla ya hapo kila mtu ana namba zake. Mkenya wa kawaida akiulizwa utampigia nani, kwanza anaangalia jina la mwenye kuuliza. Jina la mwisho linamwambia wewe ni wa wapi. Jibu linafuata hapo.

---

Mdadisi wa Kata

Msee, karibu sana. Kupika data kupo, na malipo kwa fomu ndiyo yanayokoleza moto. Lipa kwa siku, ukague kazi, mambo hubadilika.

Kukamata mpishi siku hizi si kazi ngumu kama zamani. Kishikwambi kinaandika saa ya kuanza na kumaliza na mahali ulipo. Mahojiano ya dakika arobaini yakikamilika kwa dakika sita, naanza kuuliza. Mahojiano manane kwenye nukta moja ya ramani, kwenye kijiji ambacho nyumba ziko mbalimbali, nauliza kwa sauti. Kisha kuna kurudia: msimamizi anakwenda kwa sehemu ya waliohojiwa, anawauliza maswali machache tu yasiyobadilika, kama umri na idadi ya watu wa kaya. Mpishi hupenda majibu ya katikati, husahau kwamba watu halisi wana majibu ya ajabu. Dodoso lisilo na jibu hata moja la kushangaza huwa naliweka pembeni.

Hilo la jina la mwenye kuuliza lina njia yake. Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya wananchi Afrika, ambao hapa Tanzania wamekuwa wakihoji tangu 2001, humwuliza mhojiwa mwishoni kabisa: unadhani nani katutuma? Wengi husema serikali, hata baada ya kuelezwa mwanzoni kwamba siyo. Swali moja dogo, na linakupa ufunguo wa kusoma majibu yote yaliyotangulia. Ukimwuliza mtu anayeamini umetumwa na serikali kama anairidhia serikali, jibu lake lina uzito gani?

---

Nanga ya Tanga

Na mwenyekiti wa mtaa akiwa amekaa pembeni anasikiliza? Maana hapa kwetu huwezi kuingia nyumba bila kuripoti kwake, na akishakupokea anakusindikiza.

---

Mdadisi wa Kata

Ripoti kwake, gonga mhuri, kunywa chai yake, halafu mpe kazi nyingine ya heshima. Mimi humwomba anionyeshe mipaka ya mtaa pamoja na msimamizi, wadadisi wanatawanyika upande wa pili. Ukimfukuza umekwisha, ukimwacha akae data imekwisha.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mmeruka miaka ishirini. Kabla ya Mkwaju kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, redio katikati, kitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi. Kipindi kikiisha mjadala unaanza, na mjadala ukiisha mnakwenda kuchimba choo. Niliongoza kikundi, najua jasho lake.

Nawaambieni kwa nini nalitaja. Waliokuja kutathmini hawakutuuliza tu "je, mmeelewa somo?" Walizunguka nyumba wakitazama kwa macho: choo kipo au hakipo, maji yametuama au hayajatuama, nyasi zimefyekwa? Choo hakisemi uongo wa adabu.

Na pale Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima alikuwepo mtafiti Budd Hall, ambaye na wenzake waliona kuna jambo halijakaa sawa: mtafiti anachukua maneno ya kijiji anaondoka nayo. Miaka hiyo hiyo Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikuwa na watu wa Bagamoyo katika mradi wa Jipemoyo. Utafiti shirikishi ambao leo mnaletewa na wageni kwenye semina za hoteli, sehemu kubwa ya mizizi yake iko Dar es Salaam na vijiji vya Pwani.

---

Mgogo wa Kizota

Shikamoo Mwalimu. Hii ndiyo niliyokuwa naidai kule juu. Kijiji kikishiriki kupanga, hakuna mtu wa Kondoa asiyeulizwa.

---

Msee wa Takwimu

Si ubishi Mwalimu, heshima kubwa, lakini kijiji kikishiriki kupanga utafiti wa vyoo, si kila mtu atachimba choo kabla mkaguzi hajafika?

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, choo kikichimbwa tunalalamikia nini?

---

Mdadisi wa Kata

😂😂 Hapa mmenifikisha penyewe. Mwalimu anataka choo, Msee anataka kujua choo kimeletwa na nini. Ni kazi mbili halali na hazipimwi kwa rula moja. Ugomvi mwingi wa vyuoni kati ya watu wa namba na watu wa maneno unatoka hapo: kila mmoja anamhukumu mwenzake kwa swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

---

Nanga ya Tanga

Na vibali mkuu? Nilisikia ukitangaza takwimu bila ruhusa unafungwa.

---

Mdadisi wa Kata

Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalikuwa makali, yaligusa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 yakalegezwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aanze na barua ya chuo, aipitishe wilayani, kata, hadi mtaani. Mtafiti kutoka nje ana habari nyingine na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

---

Dogo wa Mwaka wa Tatu

Wakuu nimekesha na huu uzi. Nimebadilisha. Naacha "maadili" kabisa maana sijui nitayapimaje. Kichwa kipya: mtu akipata habari kwenye grupu la WhatsApp la familia, anamwuliza nani kabla ya kuiamini? Mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba. Maswali ya mwanzo:

1. Je, huwa unapata habari mara kwa mara kupitia WhatsApp?
2. Je, unaamini na kusambaza habari za uongo?
3. Je, huwa unajadili habari hizo na wazazi?

Mnasemaje?

---

Mdadisi wa Kata

Kichwa kimekaa. Maswali bado.

La kwanza: "mara kwa mara" ya bodaboda na ya mstaafu hazifanani. Uliza jana. "Jana, kuna habari yoyote uliyoipata WhatsApp? Ipi?" Akishindwa kuitaja, una jibu tayari.

La pili ni mawili ndani ya moja, kuamini na kusambaza. Yatenganishe. Na hakuna mtu duniani atakayekwambia anasambaza uongo. Mwombe akusimulie habari ya mwisho aliyoituma kwa mwingine: ilitoka kwa nani, aliituma kwa nani, ilikuwaje baadaye. Usimwombe simu yake uisome, na akikupa mwenyewe usipige skrinishoti. Humo mna shangazi na wajomba ambao hawajakuruhusu.

La tatu umeshaamua kwamba ni wazazi. Mwache aseme mwenyewe. Utashangaa wangapi wanamwuliza fundi simu.

Kisha rudi kwenye ulinganisho: uliza pia habari moja aliyoisikia redioni au msikitini au kanisani, uone kama anaihakiki kwa njia ile ile. Hapo tu ndipo utaweza kusema chochote kuhusu WhatsApp yenyewe.

---

Kokotoa

Na andika waliokataa kujibu pia. Nyumba ngapi ulibisha hodi, ngapi hapakuwa na mtu, ngapi walikufukuza.

---

Dogo wa Mwaka wa Tatu

Asanteni sana wakuu. Nakwenda kujaribia mtaa wa jirani kwanza, watu wachache, ndiyo niingie kwenye wenyewe. Nafikiria Jumapili asubuhi maana siku za kazi nina vipindi.

---

Mdadisi wa Kata

Jumapili asubuhi utakuta nusu ya mtaa iko kanisani, na utakaowahoji ni wale tu wasiokwenda. Nenda jioni, siku mbili tofauti, na nyumba uliyokuta imefungwa uirudie.